Kamera ya kazi ya jioni: Sony RX100 au Canon G7 X Mark II?

Hapa Kikoneni, Kwale, shughuli nyingi zinazohitaji mpiga picha hufanyika jua likiwa limeinama au limekwisha kuzama. Nikaha hufungwa baada ya alasiri, lakini bibi harusi haonekani hadi usiku. Maulidi husomwa baada ya isha. Mahafali ya watoto wa chekechea hupangwa asubuhi, na zawadi ya mwisho hutolewa wazazi wakiwa tayari wanatafuta bodaboda za kurudi Mwangulu na Lunga Lunga. Huku tuko karibu nyuzi 4 na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua likishazama giza halichelewi. Dakika 20 na ushei, basi. Ndani ya nyumba hata mchana si tofauti sana: madirisha ni madogo ili joto lisiingie, paa ni la makuti au mabati, na ukuta wa udongo hunywa mwanga badala ya kuurudisha. Kwa hiyo mtu anayetaka kununua kamera ndogo ya kazi kwa fedha yake, katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka, aichague kwa jinsi inavyofanya kazi gizani. Mambo mengine yote, pamoja na yale yanayotajwa kwanza na wauzaji, yaje baadaye.

Kamera mbili hutajwa pamoja kila mjadala huu unapozuka. Ya kwanza ni Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012 ikishangaza watu kwa kutia kamera ya kweli ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Ya pili ni Canon PowerShot G7 X Mark II ya mwaka 2016. Sony ilianza kuuzwa kwa dola 650 na Canon kwa dola 700, lakini mnunuzi wa Kwale leo atakutana nazo zaidi zikiwa zimetumika, Mombasa au Nairobi au kwa jamaa anayerudi kutoka Ughaibuni. Zote mbili ni kamera za mfukoni za daraja la juu: zinamwachia mpigaji aamue mwenyewe tundu la lenzi, kasi ya kilango na wepesi wa kupokea mwanga, na zote huhifadhi faili ghafi, yaani picha kabla haijapikwa na kamera, ambayo unaweza kuirekebisha baadaye kwa kompyuta au simu. Mtu akizishika kwa mara ya kwanza ataona zinafanana mno. Ndiyo maana watu huishia kuchagua kwa jina la kampuni, au kwa kuhesabu megapikseli, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Megapikseli hazitatui chochote hapa, kwa sababu zinakaribia kulingana: milioni 20.2 kwa Sony, milioni 20.1 kwa Canon. Kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani ilikaa filamu, nacho ni cha ukubwa uleule, milimita 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha utapata eneo la milimita mraba 116, karibu mara nne ya kihisi cha kamera ndogo za kawaida zilizojaa madukani miaka ya 2000, ambazo zilikuwa na milimita mraba 28 hivi. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi kwa wakati uleule, na hiyo ndiyo sababu kamera hizi zinastahili kuitwa za daraja la juu. Picha yake ina nukta 5472 kwa 3648. Ukiisafisha kwa kipimo kizuri cha nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya inchi 18 kwa 12 bila kuivuta wala kuikoroga. Hakuna ukuta wa sebule Kikoneni unaohitaji zaidi ya hapo. Anayekwambia kwamba moja ya kamera hizi ina picha safi kuliko nyenzake kwa sababu ya kihisi chake anapoteza muda wako, isipokuwa kama anazungumzia tofauti ndogo za miaka minne ya uhandisi ambazo mteja hawezi kuziona kwenye picha iliyosafishwa.

Tofauti iko kwenye lenzi. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa na mwanga mwingi unavyoingia. Kamera zote mbili zikiwa hazijavutwa, yaani zikionyesha upana wake wote, hufungua hadi f/1.8, tundu kubwa la kupendeza. Ukianza kuvuta ili kumleta mtu karibu, njia zinaachana. Lenzi ya Sony hufika mwisho wake, ambao kwa hesabu ya wapiga picha huitwa milimita 100, ikiwa imebana hadi f/4.9. Lenzi ya Canon hufika milimita 100 hizohizo ikiwa bado f/2.8. Kwenye karatasi inaonekana kama tofauti ya desimali. Lakini mwanga unaopita hufuata mraba wa namba hizo: gawanya 4.9 kwa 2.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe, utapata 3 na kidogo. Maana yake, kwa mvuto uleule na mahali palepale, Canon inapokea mwanga mara tatu ya Sony.

Chukua mfano wa kawaida. Bibi harusi ameketishwa kwenye kiti kilichopambwa chini ya hema, taa mbili tatu za LED zimefungwa kwenye nguzo, na jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Mpiga picha yuko mita tano au sita nyuma ya mashangazi na amevuta lenzi hadi mwisho ili apate uso na hina ya mikononi. Kwa mwanga wa namna hiyo, f/2.8 inaweza kukupa kasi ya sehemu ya 60 ya sekunde kwa ISO 1600. ISO ni wepesi wa kihisi kupokea mwanga, na katika kamera hizi 1600 bado hutoa picha safi inayokubalika. Kwa f/4.9 una njia mbili, na zote mbaya. Ama unashuka hadi sehemu ya 20 ya sekunde, na bibi harusi akigeuza shingo kumwitikia shangazi yake uso unatoka ukungu. Ama unapanda hadi ISO 5000, na hapo chembechembe hujaa kwenye mashavu, nakshi ya hina inaanza kuyeyuka na uzi wa dhahabu kwenye mtandio unakuwa doa la njano. Hii ndiyo picha aliyolipiwa mpiga picha, wala haina marudio kesho.

Watasema: basi asivute, asogee karibu, mahali ambapo kamera zote mbili zina f/1.8. Ushauri huu ni mzuri na mara nyingi ndio sahihi. Mpiga picha mvivu wa miguu hutoa picha za watu wadogo. Lakini una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni uso wenyewe. Lenzi pana ikisogezwa karibu na mtu huvimbisha pua na kubonyeza masikio, na hakuna bibi harusi anayependa picha hiyo hata kama ina mwanga wa kutosha. Picha nzuri ya uso hutaka umbali na mvuto wa milimita 70 hadi 100, hapohapo lenzi ya Sony inapobana. Mpaka wa pili ni adabu. Katika maulidi huwezi kupita mbele ya wazee waliokaa kwenye mkeka ukamsogelea msomaji hadi hatua mbili. Katika baraza la chifu huwezi kusimama katikati ya mzungumzaji na wananchi. Ukiwa umealikwa kupiga picha una nafasi yako, na nafasi hiyo mara nyingi ni pembeni au nyuma. Lenzi inayofika kutoka nyuma bila kuzima mwanga ndiyo inayokuwezesha kufanya kazi bila kuvunja heshima ya shughuli.

Hata pale unapoweza kusogea na hutaki kuvuta kabisa, Canon ina jambo la ziada. Upana wake huanzia milimita 24, wa Sony huanzia 28. Ukiwa na mgongo ukutani kwenye chumba kidogo na ukuta wa mbele uko mita 3, Canon itakuonyesha upana wa mita 4.5 na Sony upana wa mita 3.85 hivi. Sentimita hizo 65 ni mtu mmoja na nusu. Kwenye picha ya familia, ndizo zinazoamua kama mama mkubwa wa pembeni ameingia mzima au amekatwa bega, na mama mkubwa aliyekatwa bega hasahau.

Kuna jibu jingine linalotolewa haraka: flashi. Kamera zote mbili zina flashi ndogo inayochomoza juu, na Sony ina ujanja ambao wapenzi wake huusifia kwa haki: unaweza kuikunja kwa kidole itazame darini, mwanga ugonge dari na kushuka taratibu kama mwanga wa dirisha. Kwenye chumba cha hoteli pale Diani chenye dari nyeupe ya plasta, ujanja huu unafanya kazi vizuri sana. Kikoneni ugonge nini? Makuti ni ya kahawia na yana matundu. Mwanga ukirudi, ule kidogo unaorudi, unarudi na rangi ya majani makavu na kuwapaka watu wote rangi ya chai. Mabati yaliyo wazi yana mikunjo na kutu, nayo hurudisha mwanga kwa vipande. Hema la harusi likiwa la buluu, kila mtu anakuwa wa buluu. Ukiielekeza flashi moja kwa moja usoni, jasho la Pwani linang'aa kwenye paji la uso, kanzu nyeupe inaungua hadi mshono hauonekani, na nyuma ya watu giza linakuwa totoro kana kwamba shughuli ilifanyika pangoni. Flashi ina kazi yake, hasa mchana wakati jua la saa saba linapotia kivuli cheusi machoni mwa mtu mwenye kofia. Kuitegemea kwa usiku mzima ni kukubali picha ambazo hata simu ingezitoa.

Vilevile husemwa kwamba kamera hizi zina mfumo wa kutuliza mtikisiko, kwa hiyo sehemu ya 20 ya sekunde si tatizo. Mfumo huo upo kwa zote mbili na unasaidia kweli, ila unatuliza mkono wa mpigaji. Hauwezi kumtuliza anayecheza chakacha, wala mtoto anayepokea cheti huku akiruka. Kinachogandisha mwendo wa watu ni kasi ya kilango, na kasi hununuliwa kwa mwanga.

Haki itendeke, Sony ina mambo ambayo Canon haiyafikii. Ina uzito wa gramu 240 pamoja na betri na kadi; Canon ni gramu 319 na ni nene zaidi. Sony inakaa kwenye mfuko wa kanzu na kusahaulika. Canon inauvuta mfuko. Betri ya Sony, kwa kipimo cha viwandani, huhimili picha 330, ya Canon 265, na mahali ambapo stima ikikatika hujui itarudi lini, picha 65 si kitu kidogo. Kioo cha nyuma cha Sony kina nukta nyeupe za ziada zinazokifanya kisomeke juani, wakati cha Canon huhitaji kukingwa kwa kiganja au ncha ya leso saa za adhuhuri, ingawa cha Canon huguswa kwa kidole kuchagua sehemu ya kulenga na hukunjwa juu na chini, jambo linalosaidia ukiinua kamera juu ya vichwa vya watu. Na Sony iliyotumika kwa kawaida ni rahisi zaidi kwa bei, hasa tangu vijana wa TikTok walipoipenda familia ya G7 X na kuipandisha bei dunia nzima. Kwa mwalimu anayepiga picha za michezo ya shule asubuhi, au afisa wa kilimo anayezunguka mashamba ya korosho na machungwa akiandika ripoti, hakuna sababu ya kulipa zaidi. Mchana kweupe mpigaji hubana tundu hadi f/4 au f/5.6 kwa hiari yake, na hapo ile tofauti ya mara tatu haipo tena. Kwa mtu huyo nasema bila kusita: chukua Sony, fedha iliyobaki nunua betri ya pili.

Ila wengi wanaouliza swali hili Kikoneni wanataka kamera iwalipe, na picha inayolipa ni ile inayomfikia mteja. Pwani hii ina historia ndefu ya picha iliyopigwa ili isafiri. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako katika miongo ya katikati ya karne iliyopita wachumba, marafiki na mabibi harusi walikwenda kupigwa wakiwa wamevaa vyao vizuri kabisa. Kwenye kivuko cha Likoni, mlango wa sisi sote wa Kusini, katika miaka ya 1990 palijaa vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa na mapambo ya kila rangi, na watu waliokuja mjini kutafuta kazi walisimama hapo ili picha iende nyumbani ikaseme kwamba mambo yao yako sawa. Walikuwa tayari kusubiri picha isafishwe. Mteja wa leo anataka imfikie kwenye WhatsApp kabla sufuria za pilau hazijaoshwa, kwa kuwa dada yuko Muscat na kaka yuko Nairobi, nao wanasubiri.

Hapo Canon ina Wi-Fi ndani yake. RX100 ya kwanza haina kabisa. Watu wengi wangetaka jambo hili liwe ndilo la kuamua. Mimi silipi uzito huo. Kisomeo kidogo cha kadi kinachochomekwa kwenye simu ni cha bei ya chini, na huhamisha picha 50 kwa muda ambao Wi-Fi ya kamera ingekuwa bado inatafuta simu. Mwenye Sony asijione amefungiwa nje. Kinachohitaji uangalifu zaidi kwa kamera zote mbili ni WhatsApp yenyewe, ambayo huibana picha ikiituma kama picha. Atakayeitaka ya kusafisha atumiwe kama faili ya hati, itafika ilivyo.

Kutuma kwa haraka kuna upande ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao unagusa wanawake zaidi. Katika harusi zetu kuna sehemu ya ndani ambako buibui limevuliwa, nywele ziko wazi, na mwanamume haingii. Mpiga picha wa huko ni mwanamke, na kazi yake inaongezeka, jambo zuri kwa kipato cha kina mama na wasichana waliomaliza shule. Picha za chumba kile ni amana. Simu ni chombo kibaya kwa amana hii: inanakili picha mtandaoni yenyewe bila kuuliza, inaazimwa na mdogo wa mwenye simu, inaibiwa, inapelekwa kwa fundi. Kamera isiyo na laini, picha zikiwa kwenye kadi moja inayotolewa na kukabidhiwa bibi harusi mkononi, ni salama zaidi, na kwa hoja hii Sony isiyo na Wi-Fi inaonekana kama ina sifa. Ni kweli kwa kiasi. Lakini Wi-Fi ya Canon huzimwa kwenye menyu, na hata ikiwashwa haitumi picha popote bila mkono wa mtu kuiunganisha na simu. Usalama wa kweli unatokana na makubaliano kabla ya shughuli: nani anabaki na kadi, nani anaruhusiwa kuona, picha zipi zinafutwa. Na hili si la mila peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mpiga picha wa mahafali ya chekechea anayeweka kazi yake Facebook kuvutia wateja aliangalie jambo hilo kwa makini.

Simu nimeigusa, na hapa pana pingamizi kubwa kuliko yote: kwa nini kununua kamera kabisa? Simu za sasa huunganisha picha kadhaa kwa sekunde moja na kutoa picha ya usiku inayong'aa, na zinajiita za megapikseli 50 au 108. Namba hizo hazina maana inayodhaniwa, kwani simu nyingi huunganisha nukta nne au tisa kuwa moja na kutoa picha ya milioni 12 hivi. Ule uunganishaji wa usiku nao hufanya kazi vizuri kwa kitu kilichotulia. Watu wakicheza, simu huchagua kati ya ukungu na uso uliopakwa kama nta. Ukivuta kwenye simu ya bei ya wastani, mara nyingi haivuti lenzi. Inakata katikati ya picha na kuipanua. Kwa picha ya mtu aliye hatua mbili mbele, mchana, itakayoishia kwenye kioo cha simu nyingine, simu inatosha na sitabishana. Kwa uso ulio mita sita, usiku, utakaosafishwa na kutundikwa ukutani kwa miaka 30, haitoshi.

Kuhusu kamera nyingine niseme kwa ufupi. Sony RX100 III ya mwaka 2014 ilikuja kuponya ugonjwa ninaoulalamikia: lenzi yake ni f/1.8 hadi f/2.8, ina Wi-Fi na hata kitundu cha kuchungulia kinachochomoza. Iliponea kwa kupoteza urefu, kwa kuwa inaishia milimita 70. Ukiipata kwa bei nzuri na katika hali nzuri, ni mshindani wa haki wa Canon. Anayeota pomboo wa Kisite au palahala wa Shimba Hills, ambao Kenya nzima wamebaki pale tu, aziache zote tatu. Milimita 100 itampa nukta nyeusi nyasini. Huyo atafute kamera kama Panasonic FZ1000, yenye kihisi cha ukubwa huohuo na lenzi ya hadi milimita 400, akubali kubeba zaidi ya gramu 800. Na anayetaka kurekodi harusi nzima kwa video ajue kwamba Sony na Canon hizi hukata kipande kila ikikaribia dakika 30, na hazina mahali pa kuchomeka maikrofoni.

Adui wa kamera hizi kwetu ni vumbi na unyevu. Lenzi zake hazitoki. Hujikunja ndani ya kamera na kuchomoza kila inapowashwa, na kila inapochomoza huvuta hewa pamoja na kilichomo hewani. Barabara za ndani kiangazi zina vumbi linaloingia hadi kwenye sahani zilizofunikwa, na ufukweni Msambweni na Diani kuna mchanga mwembamba na chumvi. Punje moja ikikaa juu ya kihisi hutoka kama doa kwenye kila picha, na huwezi kuifikia bila fundi kufungua kamera. Mchanga ukiingia kwenye mikunjo ya lenzi, mota hukwama. Hewa yenye unyevu nayo huotesha ukungu kwenye vioo vya ndani kamera ikifungiwa kabatini miezi. Mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri ukiwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya unasaidia sana, nao haugharimu chochote.

Ndiyo maana kamera iliyotumika isinunuliwe kwa picha za tangazo. Kwanza soma jina lote: G7 X ya mwaka 2014, Mark II ya 2016 na Mark III ya 2019 zinafanana kwa sura, na ile ya kwanza hujikokota mno ukipiga faili ghafi; RX100 nazo zimefika toleo la saba, na lenzi na bei zake hutofautiana. Kisha iwashe na kuizima mara kumi mfululizo, ukiivuta hadi mwisho na kuirudisha, sikio likiwa karibu. Sauti iwe laini na ya namna moja, isikwaruze wala kusita. Bana tundu hadi f/11, piga anga tupu lisilo na wingu au ukuta mweupe, halafu ikuze picha kwenye kioo uipitie kona kwa kona ukitafuta madoa ya kijivu; yakiwepo mahali palepale kwenye picha mbili, vumbi limeshaingia. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa upande uone kama kuna nyuzi za ukungu. Chomeka waya wa USB kwenye pawabenki na uhakikishe taa ya kuchaji inawaka, kwa sababu kamera zote mbili huchajiwa hivyo na betri yako itaitegemea paneli ya sola siku ambazo stima haipo. Mwisho nenda kwenye pembe yenye giza ya duka, vuta hadi milimita 100, na umpige muuzaji mwenyewe bila flashi akiwa anazungumza. Picha hiyo ikitoka na ukungu kwa f/4.9 na ikatulia kwa f/2.8, utakuwa umeiona mwenyewe ile tofauti ya mara tatu, na muuzaji hatakuwa na la kukuambia kuhusu megapikseli.